Lori Lililokula Kunde

Shemeji akianza kukuamkia kwa adabu, ujue kuna jambo limeharibika. Wasa Kone alilijua hilo tangu asubuhi ile alipotoka eda, pale Mzee Nanko Traore, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, aliposimama mbele ya mlango wake na kusema taratibu, "Umeamkaje, mama? Watoto hawajambo? Haya, Mungu akupe nguvu." Kisha akaenda zake na fimbo yake. Basi! Hakuna cha zaidi.

Mtu huyohuyo! Miaka thelathini na moja hakuwahi kupita pale bila kumtupia neno. Ni kweli, shemeji mkubwa hana ruhusa ya kutaniana na mke wa mdogo wake. Pale kijijini Farakoro huo ni utovu wa heshima. Lakini yeye ni Traore na Wasa ni Kone, na Traore na Kone ni watani tangu enzi za mababu, na utani wa ukoo hauulizi nani kaolewa wapi. Basi mzee alikuwa akisimama uani na kupaza sauti kijiji kizima kisikie: "Wee Kone, mla kunde! Jana nimesikia ngurumo nikatoa ndoo nje nikinge mvua, kumbe ni tumbo lako!" Na Wasa anajibu kutoka jikoni bila hata kugeuka: "Mvua ikija itawakuta Traore mnagombania ukoko wa chungu changu!" Kunde, kunde, kila siku kunde, na mumewe Molobali amekaa pembeni anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Molobali akafa, na utani ukafa naye. Mzee Nanko akanyamaza, na mkubwa akinyamaza mdogo hana mdomo, kwa hiyo hata Siriman, mdogo wao wa mwisho, akaanza kumwita Wasa "mama" kwa sauti ya msibani. Walikuwa wanamwonea huruma. Huruma ile ilimuuma kuliko matusi. Mtu hataniani na mgeni, na Wasa alianza kujiona mgeni katika ua alioingia akiwa na miaka kumi na tisa.

Halafu likaja suala la lori.

Lilikuwa lori la tani saba, kuukuu, la kijani pale ambapo rangi ilikuwa bado imeshika. Tanki lake lilikuwa limeliwa na kutu mpaka unaweza kupitisha ngumi. Pampu ya kuvuta mafuta ilikufa mwezi mmoja kabla ya mwenye lori. Betri ilikuwa ya kukalia tu. Na hata lingepona, lingekunywa nini? Msimu ule dizeli ilikuwa adimu katika wilaya yote ya Buguni. Ikipatikana, inauzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi. Miezi minane lori lilisimama nyuma ya ghala, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Jumatatu moja ya Januari Mzee Nanko akaitisha kikao cha ukoo. "Wanunuzi wa vyuma chakavu watakuja Jumapili na mizani yao," alisema. "Lori litakatwa, litauzwa kwa kilo. Nimemaliza."

"Haliuzwi," akasema Wasa.

Watu wakageuka. Mjane hasemi hivyo kikaoni. Mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Molobali amelala chini ya lile lori usiku mwingi kuliko aliolala kwangu," aliendelea. "Mkilikata vipandevipande, mimi nitakwenda kumkumbukia wapi? Na wanawake wa hapa watabebaje vitu sokoni? Kwa kichwa? Kilomita ishirini na nane?"

"Mama," Mzee Nanko alisema, na hilo neno *mama* likamchoma Wasa tena, "lori halina tanki, halina pampu, na dizeli haipo."

"Litakwenda kwa mafuta yangu."

Wakacheka baadhi, wengine wakaona ni uchungu wa msiba unaongea. Lakini Wasa hakuwa anaota. Mashamba yote ya Farakoro yamezungushiwa ua wa mbono, kwa sababu mbuzi wetu wanakula kila kitu duniani isipokuwa mbono. Mbegu zake zinadondoka bure. Wasa alikuwa anazikamua mafuta miaka mingi na kuyapikia sabuni, na mafuta yaliyobaki aliyauza kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mashine ile ilikuwa ya dizeli. Ilikunywa mbono na kusaga.

Hapo ndipo Dramane Balo alipokohoa. Balo ni mhunzi, na kwetu mhunzi hanyamazishwi kikaoni, hata na mzee mwenye fimbo. "Mashine ya kusaga haijawahi kulalamika," alisema. "Na lori ni nini? Ni mashine ya kusaga yenye magurudumu. Nipeni mpaka Jumamosi."

Mzee Nanko aligonga fimbo chini. "Jumamosi ni soko la Buguni," akasema. "Liende na lirudi siku hiyohiyo. Lisisukumwe, lisivutwe. Nitakaa mbele mwenyewe nione kwa macho yangu. Likisukumwa hata hatua moja, Jumapili linakatwa, na sitaki kusikia neno."

"Nimekubali," alisema Wasa. Akangoja kidogo. Zamani mzee asingemwacha aondoke hapo bila kumuuliza kama lori nalo litalishwa kunde. Mzee akainuka, akaaga kwa heshima, akaenda.

Kazi ikaanza siku hiyohiyo. Mpango wenyewe haukuwa mgumu; ulikuwa wa kichaa tu. Mafuta ya mbono ni mazito, na injini ikiwa ya baridi haiyawezi. Kwa hiyo lori lilihitaji vyombo viwili. Cha kwanza ni kidumu cha njano cha lita ishirini, kilichofungwa kwa kamba juu ya paa la kichwa cha lori, ukingoni, ili dereva akitazama juu aone kilichomo. Hicho ni cha dizeli, ya kuwashia na ya kuzimia. Cha pili ni pipa kubwa la mbono, likae kwenye jukwaa la mbao nyuma ya kichwa, juu zaidi ya injini.

"Na pampu je?" Siriman aliuliza. Siriman ndiye dereva, na alikuwa anaogopa. "Nani atavuta mafuta?"

"Wewe ukimwaga maji mlimani unayavuta?" Balo akamjibu. "Yanateremka yenyewe. Shika hapa, acha maswali."

Mipira miwili ikateremka, mmoja kutoka kwenye kidumu, mmoja kutoka kwenye pipa, ikakutana kwenye koki moja chini ya usukani. Kushoto dizeli, kulia mbono. Katikati ya njia ya mbono Balo alifunga sufuria nene ya alumini aliyoisubu mwenyewe, yenye mfuniko, akaweka ndani yake bomba la shaba alilolitoa kwenye friji bovu la duka la soda na kulisokota mizunguko tisa. Maji ya moto ya rejeta yanapita kwenye sufuria, mafuta yanapita ndani ya bomba, yanatoka yamelainika. Wasa alisimama pale siku tatu, mikono imejaa grisi, akiwashikia na kuwabishia.

Kikabaki chujio. Balo alitaka kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono, kizito. Wasa akaingia ndani, akatoka na shati la kazi la Molobali.

Balo akarudi nyuma. "Dada, hilo hapana. Hilo liweke."

"Niliweke lifanye nini, liliwe na panya? Alikuwa chini ya lori hili akiwa hai, sasa mnataka nimfungie sandukuni? Kata mkono mmoja ufunge mdomo wa bomba. Na usiharibu vifungo."

Alilia kidogo alipolikata, hilo hakuficha. Kisha akapangusa pua kwa kiwiko na kuuliza kazi inayofuata ni ipi.

Ijumaa asubuhi Siriman alikuwa amekusanya lita kumi na tano za dizeli, chupa moja baada ya nyingine, kwa kubembeleza nusu ya wilaya. Lori likabingirishwa kwenye mteremko wa kijiji, kama lilivyozoea kuwashwa siku zote, na injini ikanguruma. Kuku wakakimbia. Sufuria ilipopata moto wa kuunguza kidole, Siriman akageuza koki kulia. Injini ikatafakari, kisha ikaendelea, na moshi ukatoka una harufu ya jiko la sabuni.

"Sasa nisikilize," Balo alimwambia. "Kabla ya kuzima, rudisha kwenye dizeli, uache ingurume muda wa kumwamkia mtu sawasawa. Yeye mwenyewe, mkewe, watoto, mbuzi, wakwe, shamba. Ukimaliza shamba, zima. Ukizima kabla, mbono itaganda ndani ya nozeli, na kesho utaamka na sanamu."

"Na kama ninayemwamkia hana mbuzi?"

"Mwazime wako!"

Lilibaki jambo moja, kujaza pipa, maana lilikuwa na mbono ya kujaribia tu. Wanawake wa kikundi cha sabuni waliahidi kuleta mafuta ya mbono, kila mmoja chochote alicho nacho, na mkubwa wao Korotumu, mama wa miaka sabini mwenye mdomo wa watu wawili, alisema kwa sauti kuwa pipa litajaa mpaka limwagike. Mchana walikuwa wanaleta, wanamimina, wanaondoka. Jioni Wasa alichungulia, akakuta pipa limejaa mpaka ukingoni. Alifurahi sana. Hakulichokoa kwa kijiti. Angelichokoa, hadithi hii isingekuwapo.

Jumamosi kulikuwa na baridi ile ya Januari inayokuja na upepo mkavu, midomo inapasuka na hakuna anayetaka kutoka kwenye blanketi. Saa kumi na mbili na nusu lori lilikuwa limeshabeba: sabuni, nyanya, bamia, na vyungu saba vikubwa vya kunde zilizochemshwa, za moto, vimefunikwa kwa magunia ili vifike vikiwa vinafuka. Wanawake kumi na wanne juu ya mizigo. Balo nyuma kando ya pipa lake. Mzee Nanko mbele, wima, fimbo katikati ya magoti, kimya.

Mteremko, klachi, mngurumo. Sufuria ikapata moto. Koki kulia. Likaenda! Wanawake wakapiga vigelegele, wakaimba, wakawapungia watu wa kila kitongoji, na Wasa akiwa juu ya gunia la bamia alihisi kifua chake kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kilomita moja, tano, kumi.

Kwenye kilomita ya kumi na mbili lori likakohoa.

Likakohoa tena, likatetemeka, likaanza kufa. Siriman akageuza koki kushoto haraka, dizeli ikateremka, injini ikarudiwa na uhai. Akasimamisha lori kando ya barabara, mahali pa tambarare kabisa kama sinia.

"Usizime!" Balo alipiga kelele kutoka nyuma.

"Nizime, mimi mwehu?" alijibu Siriman. Betri ilikuwa ya kukalia, mmesahau? Pale pasipo mteremko, lori likizimika litawaka kwa kusukumwa tu. Na likisukumwa, Jumapili linakatwa.

Siriman akatazama kidumu. "Kuna kama lita saba," alisema, uso umemshuka. "Tunaweza kufika sokoni kwa hizi. Kurudi ndiyo hatutarudi."

Mlango wa mbele ukafunguka. Mzee Nanko akashuka polepole, akalizunguka lori. "Linasukumwa?" akauliza.

"Halisukumwi, mzee," alisema Wasa.

"Haya." Akakaa juu ya jiwe.

Balo alikuwa ameshafungua chujio. Mkono wa shati la Molobali ulikuwa umejaa kitu cheupe, kizito, kimevimba kama soseji. "Wasa, njoo uone. Mbono inaganda hivi?"

Wasa akachukua kidogo, akasugua kati ya vidole. Kikayeyuka. Akanusa. Damu ikampanda kichwani. "Hii si mbono," alisema. "Hii ni siagi ya shea."

Wanawake wote wakatazamana, isipokuwa Korotumu, aliyekuwa anamwangalia ndege angani. Angani hapakuwa na ndege.

"Korotumu."

"Abee."

"Umetia nini kwenye pipa langu?"

"Mwenzangu, lilipungua madebe mawili." Korotumu akajikunyata. "Tuliahidi kulijaza, tukashindwa. Uso wangu ningeuweka wapi? Nilikuwa nimetoka kuipua siagi yangu ya shea, jua la saa saba, inang'aa kama mbono yenyewe. Nikaimimina. Sikusema, maana sadaka haitangazwi."

"Miaka hamsini unauza shea," Balo alishika kichwa, "hujui kuwa asubuhi ya baridi inaganda?"

"Najua inaganda! Nilijuaje kama lori nalo linasikia baridi?" Na mwenyewe alikuwa amevaa vitenge vitatu na sweta la mjukuu wake.

Wasa alitaka kukasirika, na alikasirika kweli, lakini hasira haikupata pa kushika. Madebe mawili ya shea ni mwezi mzima wa kuokota kokwa porini, kuponda na kukoroga. Bibi yule alikuwa amemwaga mwezi wake mzima kwenye pipa la mwenzake bila kusema neno. Utamgombeza vipi mtu huyo?

"Tungoje jua," alisema mmoja.

"Jua litakuja saa tano," alisema Siriman. "Kidumu kitakuwa kitupu saa tatu."

"Tuwashe moto chini ya pipa," alisema mwingine.

"Washeni," alisema Balo, "na kesho tutauzwa kwa kilo sote."

Wasa aliweka kiganja kwenye pipa. Lilikuwa baridi kama mtungi. Juu mafuta yalikuwa mepesi. Mabonge yalikuwa yamezama chini, hasa hapo yanapotokea, na kuziba bomba na mpira. Si pipa zima lililougua. Lilikuwa tumbo la chini tu. Akakumbuka ghafla mikono ya Korotumu, miaka thelathini iliyopita, alipojifungua mtoto wa kwanza: vitambaa vya moto, tumboni, mgongoni, anakandwa asubuhi na jioni mpaka mwili ukalegea. Akageuka kutazama mizigo. Vyungu saba vilikuwa vinafuka moshi chini ya magunia.

"Leteni kunde," alisema.

"Kunde?" Siriman alitoa kichwa dirishani. "Kone, hata hapa? Hata katika shida hii unawaza kunde tu?"

Akaziba mdomo kwa mkono. Neno la utani lilikuwa limemtoka. Miezi minane, na lilikuwa limemtoka lenyewe. Wanawake wakaangua kicheko, kisha wakamtazama Mzee Nanko pale juu ya jiwe, wakakimeza. Mzee alikuwa anatazama shamba la mtu. Lakini Wasa aliona ndevu zake zimecheza kidogo.

"Kunde zangu ni za kuuza!" mmoja alianza kulalama.

"Nyamaza," alisema Korotumu, akishuka na chungu chake mwenyewe kichwani. "Aliyeharibu ni mimi. Anzeni na zangu zote."

Hapo wote wakateremsha. Wakatandaza vitenge, wakamimina kunde za moto, wakafunga mafurushi, wakayabana chini ya pipa, kwenye shingo ya bomba, na kuuzungusha mpira wote mpaka kwenye sufuria. Furushi likipoa linatolewa, linakuja jingine. Vidole viliungua. Walivipuliza, wakaendelea, wakakanda pipa lile kama wanavyomkanda mzazi.

"Pole mama, vumilia!" Korotumu aliliambia pipa.

"Amejifungua nini?"

"Tani saba!"

"Eh! Na baba yake ni nani?"

"Balo hapa! Angalia alivyotoka jasho!"

Balo hakuwa na nafasi ya kujibu. Alikuwa ameung'oa mpira wa marejesho, ule unaorudisha mafuta ya ziada kutoka kwenye injini yakiwa yamechemka, na badala ya kuuacha urudi kwenye bomba la sufuria akauvuta mpaka ndani ya pipa, ukazama chini kwenye mabonge yenyewe. "Ningelifanya hivi tangu Jumanne," alinung'unika. "Kichwa changu hiki cha kubebea kofia!" Wasa akalikamua shati la Molobali, akalisuuza kwa mbono ya juu, akalifunga tena kwa mikono yake.

Kidumu kilikuwa kimebaki na lita tatu. Kisha mbili na kitu.

"Geuza," alisema Wasa.

"Bado, shemeji, ngoja kidogo—"

"Nimesema geuza! Hizo ni za kuzimia."

Siriman akasema bismillahi, akageuza koki kulia. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikashuka, ikashuka zaidi, mpaka kila mtu akasikia kipigo kimojakimoja. Wasa alifumba macho. Alikuwa anasema moyoni, Molobali, usinifanyie hivi, Molobali, shika. Injini ikashika. Ikavuta pumzi moja ndefu na kunguruma mpaka vyungu vikagongana.

Sitawaeleza kelele zilizopigwa pale. Mtu aliyepita angedhani kuna harusi.

Sokoni waliegesha kwenye mteremko wa daraja. Siriman alirudisha dizeli, akamwamkia muuza karanga mmoja kwa ukamilifu mpaka muuza karanga akaogopa, kisha akazima. Zilibaki lita moja na nusu hivi. Wanawake waliuza sabuni na nyanya na bamia, na chungu kimoja cha kunde ambacho hakikutumika hakikupata mnunuzi, kwa kuwa kila aliyesimama alisimuliwa habari za lori na akaondoka anacheka, akisahau kununua. Saa tisa walipopakia kurudi, chungu kile hakikupata nafasi nyuma palipojaa manunuzi. Mzee Nanko, ambaye alikuwa hajasema neno tangu ainuke kwenye lile jiwe, akanyoosha fimbo. "Kiwekeni mbele," akasema. "Miguuni pangu."

Kurudi hakukuwa na shida. Jua lilikuwa limeshafanya kazi yake, shea ilikuwa maji, na lori lilipanda kilima cha Farakoro kama lililokuwa linangojwa nyumbani. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka. Siriman alilisimamisha juu ya mteremko, akageuza koki kwenye dizeli, matone ya mwisho, na kuacha ingurume.

Wasa alishuka, miguu ina ganzi, akaja kusimama kando ya mlango wa mbele. Liende na lirudi, lisisukumwe, lisivutwe. Alikuwa amefanya yote. Alimtazama Mzee Nanko dirishani, akangoja hukumu yake.

"Umeshindaje, mama?" alisema mzee.

Mama tena, Wasa alijisemea. "Salama, mzee."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Mbuzi wazima?"

"Wazima."

"Wakwe zako je, wema?"

"Wema," alisema. Alikuwa ameshinda lori na bado ni mgeni. Hata leo. Hata baada ya haya yote.

"Na shamba?"

"Shamba zuri, mzee."

Mzee Nanko akamgeukia Siriman. "Ameshafika shamba. Zima."

Injini ikazimika. Farakoro nzima ikawa kimya, unasikia upepo tu. Na katika kimya kile mzee akafungua mlango, akasimama juu ya kidato akiwa ameshikilia fimbo, na kupaza sauti ile ya zamani, ile iliyokuwa inafika mpaka kisimani:

"Wee Kone! Mla kunde wee! Umekula zako ukamaliza, umewalisha watoto, sasa umeona ulishe mpaka lori la mdogo wangu! Jumapili wale watu wa mizani wakija, waambieni hapa hakuna chuma cha kuuza, kuna Kone mmoja tu, na naye tumbo limejaa upepo, hana uzito!"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Wasa alisimama pale na machozi yanamtiririka hadharani, na kila mtu akangoja, kwa sababu utani usiojibiwa ni deni. Siriman akanong'ona, "Shemeji, sema kitu." Mzee naye alikuwa anangoja, na macho yake hayakuwa makavu.

Wasa akajipangusa kwa kitenge, akainua uso. Ndipo akaona: chungu miguuni pa mzee kilikuwa kitupu kabisa, na katikati ya zile ndevu nyeupe kulikuwa na ganda la kunde.

"Traore," alisema kwa sauti ya kufika kisimani, "futa ndevu kwanza, ndiyo unitukane."